Pumzi, Waya na Saa: Tarehe ya Kupaza Sauti na Kugawa Wakati katika Mabaraza ya Jinja na Mbale

Katika kila mkutano unaokusanya watu wengi mahali pamoja, tangu baraza la wazee chini ya mvule hata kongamano la waganga, walimu na wahandisi ndani ya ukumbi wa hoteli, yupo mtu ambaye jina lake halisomwi katika orodha ya wageni waheshimiwa wala sura yake haionekani gazetini siku ya pili, ilhali pasipo yeye hapana neno ambalo lingefika masikioni mwa aliyeketi nyuma. Mtu huyo ndiye mwenye dhamana ya vyombo vya sauti, na jirani yake wa karibu ni mshika saa, ambaye pasipo yeye hapana mnenaji ambaye angeshuka jukwaani kwa wakati wake. Nimekusudia kuandika tarehe ya kazi zao katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki ya Uganda, kwa kuwa naamini kwamba ni kazi moja yenye mikono miwili, na kwamba mkono wa pili haukuwa na haja ya kuzaliwa mpaka ule wa kwanza ulipofika.

Kabla ya waya kuja, mpaka wa hotuba ulikuwa pumzi. Sauti ya binadamu isiyopata msaada hufuata kanuni isiyombagua mfalme na mchunga: umbali ukizidi maradufu, nguvu ya sauti inayolifikia sikio hubaki robo yake, na ukizidi maradufu tena hubaki robo ya ile robo, hata mtu aliyesimama mbali uwanjani huambulia mlio tu, pasipo maneno. Kwa hiyo hatibu wa zamani, hata angekuwa na mengi kiasi gani kifuani, alijua kwamba koo lake litakauka, kwamba jua litapanda, na kwamba halaiki iliyo mbali itaanza kuzungumza yenyewe kwa yenyewe. Na mambo hayo matatu yalimpimia wakati kwa insafu kuliko saa yoyote. Hapakuwa na haja ya kumwambia mtu ashuke. Mwili wake mwenyewe ulimshusha.

Walakini watu hawakukubali kushindwa na umbali. Katika misikiti yenye jamaa kubwa, mtu mwenye sauti ya juu aliwekwa nyuma ya imamu aitamke tena takbira ili safu za mwisho zifuate rukuu na sijida kwa pamoja, na kazi hiyo ya mubaligh, ambayo ni ya kale katika Uislamu, ilifika bara pamoja na dini yenyewe. Watu wa Busoga, upande wa Jinja, walikuwa na bigwala, ambazo ni tarumbeta za vibuyu zinazopulizwa katika sherehe za wafalme, kuvikwa taji kwao na kuzikwa kwao. Na jambo la ajabu katika bigwala ni kwamba kila tarumbeta ina sauti moja tu, hata wimbo hautimii ila kila mpulizaji aingie kwa zamu yake na anyamaze kwa zamu yake, na anayezidisha wakati wake, hata kwa kitambo cha kupepesa jicho, huuharibu wimbo wa wote. UNESCO iliiandika sanaa hiyo mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu wajuzi wake walikuwa wamebaki wachache. Kule Bugisu, upande wa Mbale, katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ngoma za kadodi huwatangulia vijana waendao kutahiriwa, na mlio wake huvuka mabonde ya Mlima Masaba kuwaarifu jamaa kwamba msimu wa imbalu umefika. Basi watu wa pande hizi, walipokuja kupokea spika na saa, hawakuwa wageni wa fikra ya kupaza wala ya kupokezana.

Tarehe za miji hii miwili zinakutana katika mtu mmoja, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyeweka msingi wa mji wa Mbale mwanzoni mwa karne ya 20, kisha akateuliwa na Waingereza kuwa rais wa Lukiiko, yaani baraza kuu, ya Busoga tangu mwaka 1906 hata 1913. Yeye na mawakala wake waliutandaza mashariki ule mpango wa Buganda wa ngazi za utawala za saza, gombolola na muluka, na pamoja na mpango huo likaja baraza la serikali, ambamo bwana mkubwa aliketi mbele, watu wakakaa chini, na kati yao akasimama mkalimani. Ningependa msomaji amtazame vizuri mkalimani huyo, maana yeye ndiye aliyekuwa kipimo cha kwanza cha wakati katika mikutano ya mashariki. Neno la mtawala lilitoka kwa Kiingereza, likaingia katika Luganda au Kiswahili, na pengine likapita tena katika Lusoga, Lumasaba au Ateso kabla ya kumfikia mkulima. Hotuba ya dakika 20 ikawa ya dakika 40, na palipokuwa na wakalimani wawili ikaijaza saa nzima. Mtawala aliyekuwa na akili alijifunza upesi kusema kwa sentensi fupi na kupumzika, na asiyejifunza aliachwa na mkalimani aliyesahau nusu ya maneno akayatia ya kwake.

Kiswahili kilikuwa na kazi yake maalumu katika mambo haya. Kililetwa na misafara ya pwani iliyopitia Mumias kuelekea Masaba, kikatiwa nguvu na askari wa King's African Rifles waliokuwa na kambi Jinja, na kikaenea pamoja na reli, ambayo kipande chake cha kutoka Jinja hadi Namasagali kilifunguliwa mwaka 1912. Gavana wa Uganda, William Gowers, alipendekeza mwaka 1927 kwamba lugha hii itiliwe mkazo katika shule na kazi za serikali, na Kabaka Daudi Chwa wa Buganda akaandika kuipinga mwaka 1929, na mjadala huo ukawa mrefu wenye hoja nzito pande zote mbili. Ila katika kambi, katika karakana na katika soko la Mbale hapakungojewa hukumu ya mjadala: mahali palipokutana Mgisu, Mteso, Mjaluo na Mnubi, Kiswahili ndicho kilichoupunguza muda wa mkutano, kwa kuwa kiliwaondoa wakalimani watatu kikamweka mmoja, au kikawaondoa wote.

Chombo chenyewe cha kupaza sauti kilizaliwa mbali. Mwaka 1915 huko California, Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham waliufanya umati wa San Francisco usikie sauti iliyokuzwa kwa umeme. Mwaka 1919 Rais Woodrow Wilson alihutubia uwanjani San Diego kwa chombo chao. Na mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wakaeleza spika ya koili inayotikisika, ambayo ndiyo asili ya spika nyingi tuzijuazo mpaka leo. Hapa kwetu vita ndivyo vilivyoharakisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili kikosi cha propaganda kilichoongozwa na Alec Dickson kilizunguka nchi za Afrika Mashariki na askari wake wakionyesha gwaride na mazoezi ya viungo na kuwaeleza watu habari za vita. Na baada ya vita magari ya serikali ya sinema na habari, yenye spika juu yake, yakaingia hata vijiji vilivyokuwa havijapata kuona taa ya umeme. Mtu aliyesimama kando ya gari hilo alisikia kwa mara ya kwanza sauti ya binadamu isiyochoka, na naona kwamba hilo lilikuwa badiliko kubwa zaidi kuliko ile picha iliyocheza kitambaani, ingawa waandishi wa tarehe wameijali picha wakaisahau sauti.

Kisha likaja bwawa. Halmashauri ya umeme ya Uganda iliundwa mwaka 1948, na bwawa la Owen Falls pale Jinja, mahali Mto Nile unapoliacha Ziwa Nyanza, likafunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili tarehe 29 Aprili 1954, wakati Kabaka Mutesa wa Pili alipokuwa uhamishoni na nyoyo za watu wa Buganda zikiwa zimejaa uchungu. Mtambo ule ulikusudiwa kuwa na mashine 10, na jumla ya nguvu yake kuwa megawati 150. Nguzo za nyaya zikaelekea Kampala upande mmoja na Tororo upande wa pili, na baadaye sehemu ya umeme huo ikauzwa Kenya. Maporomoko ya Ripon, ambayo John Hanning Speke aliyatazama Julai 1862 akaamini kuwa amekiona chanzo cha Nile, yalizama chini ya maji. Viwanda vikafuata, kiwanda cha nguo cha Nyanza kikiwa mashuhuri miongoni mwavyo, na wafanyakazi wakaja kutoka Busoga, Bugisu, Bukedi, Teso, Nyanza ya Kenya na kwingineko, hata Jinja ikawa mji ambao mkutano wa wafanyakazi haukuweza kufanyika kwa lugha moja ya kikabila.

Maji hayo yananikumbusha kwamba watu wa kale wa Athens, katika mahakama zao, walimpimia mnenaji wakati kwa chungu kilichotobolewa chini: maji yakianza kutoka, naye huanza kusema, na yakiisha, hunyamaza, na chungu kimoja kilichofukuliwa katika soko la mji huo huisha maji kwa takriban dakika 6. Maji ya Athens yalimnyamazisha mnenaji. Maji ya Jinja yalimpa sauti, na hapo ndipo ilipoanza dhiki ambayo mabaraza ya zamani hayakuijua. Kwa kuwa koo halikukauka tena upesi, na kwa kuwa mtu wa safu ya mwisho alisikia sawasawa na wa safu ya kwanza, mnenaji aliona kwamba ukimya wa watu ni idhini ya kuendelea, akaendelea. Pumzi iliyokuwa kadhi wa hotuba iliuzuliwa, na kwa muda mrefu hapakuwekwa kadhi mwingine mahali pake.

Miaka iliyofuata ilikuwa miaka ya maneno mengi. Chama kikuu cha ushirika cha Bugisu kiliundwa mwaka 1954 kuwaunganisha wakulima wa kahawa ya arabika, na mikutano yake ya wajumbe ilileta Mbale watu wa vyama vya msingi kutoka matuta ya Masaba, watu waliotembea mwendo mrefu milimani na ambao kila mmoja alikuwa na haki ya kuuliza bei ya kahawa yake imekwenda wapi. Ulipokaribia uhuru, mzozo wa kama mji wa Mbale ni mali ya Bugisu au ya Bukedi ulipamba moto hata ukaundiwa tume mwaka 1962, na mwaka huo huo magari ya vyama vya siasa yenye vipaza sauti juu ya paa yalizunguka barabara za miji yote miwili kabla ya uchaguzi wa Aprili. Katika mikutano ya namna hiyo mwenyekiti alikuwa na kengele ya mkononi mezani, na kengele ile ilikuwa dhaifu mbele ya spika. Mtu aliyeshika maikrofoni aliweza kuifunika kwa neno moja. Nadhani hapo ndipo wenyeviti walipogundua kwamba amri ya kweli haikuwa katika kengele bali katika kitufe, na kwamba aliyeketi kando ya amplifaya, kijana aliyekuja kwa ujira wa siku moja, alikuwa na uwezo ambao kanuni za mkutano hazikumtajia.

Yafaa nieleze vyombo vyenyewe, maana bila ya kuvijua msomaji hataelewa kwa nini sauti za mikutano ya enzi ile zilikuwa vile zilivyokuwa. Spika zilizofungwa juu ya magari, nguzo na minara ya misikiti zilikuwa na umbo la tarumbeta ya bati, na umbo hilo huipeleka sauti mbali kwa nguvu kidogo ya umeme, lakini huchagua: hupitisha sauti za katikati na kuziacha nzito, hata mzee mwenye sauti ya kifua, ambaye barazani heshima yake ilikuwa katika uzito wa kunena kwake, alitoka spikani akiwa mwembamba kama kijana. Ili spika nyingi zifungwe mfululizo kwa waya mwembamba pasipo nguvu kupotea njiani, mafundi walitumia laini ya volti 100, na kila spika ikawa na transfoma yake ndogo. Kwa njia hiyo soko zima au uwanja mzima ulizungushiwa sauti. Kampuni ya TOA ya Kobe, Japani, iliyoanzishwa mwaka 1934, ilitoa megafoni ya umeme mwaka 1954, mwaka ule ule wa bwawa letu, na amplifaya za Ahuja kutoka Delhi, kampuni ya mwaka 1940, zilipata wapenzi wengi Afrika Mashariki kwa sababu moja ya maana kuliko zote: zilikubali umeme wa ukutani na zilikubali betri ya gari ya volti 12. Kitu kinachokubali betri ndicho kinachoweza kwenda Bududa, kule milimani.

Agosti 1972 Rais Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Jinja, ambayo maduka ya barabara yake kuu yalikuwa aghalabu mikononi mwao, iliumia kuliko miji mingi, na vyombo vya umeme vikawa miongoni mwa vitu vya mwanzo kuadimika. Mafundi waliobaki walijifunza kuishi kwa kuvua viungo vya chombo kimoja na kukitia kingine, na kuzisuka upya kwa mkono koili za spika zilizoungua, kazi inayotaka jicho kali na vidole vitulivu, kwa kuwa uzi wa shaba ni mwembamba kama unywele na mzunguko mmoja ukipanda juu ya mwingine spika hukwaruza. Serikali hiyo hiyo ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Lakini miaka ile hapakuwa na haja kubwa ya mshika saa, kwa kuwa mwananchi hakuwa na zamu ya kusema, na mkubwa hakuwa na mtu wa kumkatiza. Nayaandika haya kwa huzuni. Mahali ambapo mmoja tu ndiye asemaye, saa haina kazi.

Zamu ilirudi baadaye, na ilirudi kwa utaratibu ambao naona unastahili kukumbukwa kuliko mambo mengi yaliyoandikwa juu ya siasa za Uganda. Tume ya katiba iliyoongozwa na Jaji Benjamin Odoki, iliyofanya kazi kuanzia mwaka 1989, ilikwenda kwa wananchi kusikiliza maoni yao, ikakusanya maandiko zaidi ya 25,000. Na ulipofika uchaguzi wa Bunge la Katiba, tarehe 28 Machi 1994, sheria iliwakataza wagombea kufanya kampeni za mikutano ya peke yao. Badala yake wagombea wa jimbo moja walisimama pamoja mbele ya watu wale wale, katika mikutano iliyosimamiwa na ofisa wa uchaguzi, kila mmoja akinena kwa zamu yake na kujibu maswali. Tajiri aliyekuwa na spika kubwa na maskini asiyekuwa hata na megafoni walitumia chombo kimoja na kupimwa kwa saa moja. Wapo waliolaumu utaratibu huo, wakasema kwamba uliwanyima watu wa vyama uhuru wa kujikusanya, na lawama hiyo ina haki yake. Lakini kwa historia ya kugawa wakati sijui mfano mwingine wa nchi yetu uliofika vijijini kwa upana ule. Mtu wa kijiji alijionea kwa macho yake kwamba mheshimiwa anaweza kuambiwa muda umekwisha, naye akanyamaza, na dunia isianguke.

Redio za watu binafsi zilizofunguliwa kuanzia miaka ya 1990 zilieneza adabu hiyo zikiitia haraka ya biashara. Jinja ilipata NBS na Kiira, Mbale ikapata Open Gate na Step, na mtangazaji akawazoesha wasikilizaji kwamba dakika ni mali, kwa kuwa tangazo la biashara lilikuwa likingoja. Kampala kulikuwa na ebimeeza, mijadala ya wazi iliyoanza kwenye mwaka 2000 ikarushwa hewani, ambamo mwenyekiti alimpa kila mchangiaji dakika chache zilizohesabiwa, mpaka serikali ilipoipiga marufuku Septemba 2009. Mwaka huo huo wa 2009 serikali ilianzisha mikutano ya hesabu kwa wananchi iitwayo baraza, ambamo maofisa wa wilaya husimama mbele ya watu kueleza fedha zilizokuja na kazi zilizofanyika. Katika senta za biashara, nguzo zenye spika, ambazo wenyeji huziita ebizindaalo, zikawa zinatangaza misiba, watoto waliopotea na bei za mazao tangu alfajiri, hata kanuni za kelele za mwaka 2003 zikawa ndizo hoja ya majirani waliotaka usingizi.

Na mikutano ya wataalamu, ambayo ndiyo iliyonitia kuandika? Hiyo ni mtoto wa mwisho wa ukoo huu. Chuo Kikuu cha Kiislamu, ambacho Jumuiya ya Nchi za Kiislamu iliamua kukianzisha katika mkutano wake wa Lahore mwaka 1974 na kikafunguliwa Mbale mwaka 1988, kiliuletea mji huo makongamano ya wasomi wa Kiarabu, Kiingereza na lugha nyingine. Jinja, kwa hewa ya ziwa na wepesi wa kufikika kutoka Kampala, ikawa mahali ambapo vyama vya wauguzi, wahasibu, walimu na mashirika ya afya hupenda kufanyia semina. Na tangu tarehe 1 Julai 2020 miji yote miwili imepata hadhi ya jiji. Katika kumbi hizo adui wa sauti si umbali tena. Ni ukuta wa simenti, paa la mabati na umeme wenyewe.

Nimemwona fundi wa Mbale akitayarisha ukumbi kabla ya wageni kufika, na nitaieleza kazi yake kwa kuwa ina elimu kuliko inavyodhaniwa. Kwanza hakugusa chombo chochote. Alisimama katikati ya ukumbi mtupu, akapiga kofi moja, akasikiliza mwangwi unavyorudi. Kisha akaziweka spika mbili mbele ya mstari atakaposimama mnenaji, kamwe si nyuma yake, kwa sababu maikrofoni ikisikia spika yake yenyewe, sauti huzunguka kutoka hii kwenda ile na kurudi, ikizidi kila mzunguko, mpaka inapiga ule mlio mkali unaowafanya watu wazibe masikio, ambao wataalamu huunasibisha na mwanafizikia wa Denmark, Søren Larsen. Akasema ndani ya maikrofoni, "Moja, mbili, tatu," akaenda safu ya mwisho kusikiliza mwenzake akisema vile vile. Sauti ilikuwa na mwangwi mwingi, lakini hakuipunguza sana. Aliniambia kwamba watu wakiketi, nguo zao na miili yao itaumeza mwangwi huo, na ukumbi utakuwa mwingine. Nyaya alizilaza kando ya ukuta akazibandika kwa utepe ili mguu wa mtu usizing'oe. Mwisho akachungulia dirishani kuelekea mlima wa Wanale, ambako mawingu ya mchana hujikusanya, akalisogeza kabati la amplifaya mbali na mahali paa linapovuja.

Mvua ya Mbale ni jambo la kuhesabiwa. Ikianguka juu ya mabati hapana spika ya ukumbi mdogo inayoishinda, na fundi akikaza sauti huleta ule mlio. Kwa hiyo kinachobaki ni kusimamisha mkutano mpaka ipite, na hapo mshika saa hupata mtihani wake mkubwa, kwa kuwa dakika zilizochukuliwa na mvua hana budi kuziondoa kwa mtu. Vivyo hivyo umeme ukikatika. Miaka ya 2005 na 2006, maji ya ziwa yaliposhuka na mgao wa umeme ukawa mkali, hata Jinja, iliyo karibu na mashine zenyewe, ilizoea kelele ya jenereta nyuma ya ukumbi. Na tangu siku hizo fundi anayejiheshimu huja na betri yake.

Ni nani hupoteza dakika hizo? Hapa ndipo penye dhuluma ambayo imenikera muda mrefu. Ratiba ya mkutano huandikwa kwa utaratibu wa vyeo: mgeni rasmi kwanza, kisha wakubwa wa wilaya, kisha wafadhili, kisha mtaalamu aliyefanya uchunguzi wenyewe, na mwisho kabisa maswali ya wajumbe. Mgeni rasmi akichelewa saa nzima, na akazidisha nusu saa, hapana ampigiaye kengele. Dakika zake hukatwa kutoka kwa muuguzi wa zahanati ya milimani aliyekuja na taarifa yake imeandikwa kwa mkono, ambaye huambiwa aseme kwa dakika 3 alichopewa dakika 15. Mshika saa humwonyesha mdogo karatasi nyekundu ya kumaliza, asimwonyeshe mkubwa. Nimeyaona haya mara nyingi katika kumbi nyingi, na sikubali kwamba ni desturi yetu. Desturi ya bigwala haikumruhusu mpulizaji yeyote, awe wa ukoo gani, kuikalia zamu ya mwenzake.

Wapo waliokwisha kuitengeneza hali hii, na njia zao ni za kufuatwa. Rangi tatu, kijani, manjano na nyekundu, ambazo chama cha Toastmasters cha Marekani, kilichoanzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924, kilizieneza duniani kwa taa, zinatumika mashariki kwa karatasi za kawaida, na mshika saa mzuri huketi safu ya mbele mahali ambapo mnenaji atamwona pasipo hadhara kumwona, ili onyo lisigeuke aibu. Mkalimani hupewa maikrofoni yake mwenyewe, maana kupokezana moja hula sekunde katika kila sentensi, na sekunde hizo zikijumlishwa katika hotuba moja huwa dakika kadhaa. Saa yake huhesabiwa mbali na ya mnenaji: anayesema Lumasaba hapunguziwi wakati kwa kuwa waliokaa mbele hawaijui lugha yake. Hotuba ya mgeni rasmi huwekwa karibu na chakula cha mchana, ambapo njaa ya watu wote humsaidia kuikamilisha, na maswali ya wajumbe huwekwa asubuhi, wakati betri imejaa na mvua ya Wanale haijashuka.